Tathmini ya Gereji Iliyonibadilishia Gari Kutoka Otomatiki Kwenda Gia za Mkono

Miezi saba imepita tangu nilichukue gari langu gerejini likiwa na pedali tatu badala ya mbili, na nimeliendesha vya kutosha kuieleza kazi ile bila kusukumwa na furaha ya siku ya kwanza wala hasira ya wiki ya pili. Gari lenyewe ni saluni ya Toyota yenye injini ya 1JZ-GTE, ile ya silinda 6 na ujazo wa lita 2.5, na lilitoka kiwandani likiwa na giaboksi ya otomatiki ya gia 4. Niliomba nifungiwe R154, giaboksi ya mkono ya gia 5 ambayo Toyota wenyewe waliifunga kwenye injini hiyo hiyo, na uamuzi huo ulirahisisha kazi kuliko jambo lingine lolote. Gari ambalo kiwanda hakikuwahi kulitoa na gia za mkono hudai vipande vya kuchongesha na fundi hulazimika kubuni kila hatua. Langu lilikuwa na mfano wa kufuata.

Gereji ilikubali kazi kwa sharti moja: vifaa vyote vitoke kwenye gari moja lililokatwa ili kuuzwa vipande, yaani giaboksi, flaiwili (gurudumu zito la chuma linalofungwa nyuma ya injini), pedali pamoja na fremu yake, masta silinda ya klachi (pampu ndogo inayosukumwa na pedali hiyo), propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma), mauntingi ya giaboksi (vishikizo vyake), waya na kompyuta ya injini. Mwanzoni niliona wananitia gharama bure, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kupata giaboksi peke yake kwa muuzaji mwingine. Leo ningemshauri yeyote akubali sharti hilo bila kubishana. Propela ya otomatiki na ya gia za mkono hazilazimiki kuwa na urefu mmoja, mauntingi hukaa mahali tofauti, na kila kipande kinachokosekana hulisimamisha gari juu ya stendi siku kadhaa kikitafutwa. Seti yangu ilikuja kamili isipokuwa kompyuta, na upungufu huo ulizaa mojawapo ya matatizo nitakayoyaeleza.

Kazi ya chuma walijua kuifanya, na hapa ninawasifu kwa moyo wote. Katika gari la otomatiki, injini hushikana na toki kanvata, kifaa cha mafuta kinachofanya kazi badala ya klachi, kwa bamba jembamba la chuma, ilhali klachi inahitaji flaiwili nzito ya kusuguana nayo. Fundi mkuu aliniita, akatandika kitambaa cheupe sakafuni, akaweka boliti za lile bamba upande mmoja na za flaiwili upande wa pili. Kwa kutazama harakaharaka zilifanana. Alipozisimamisha ndipo nilipoona kwamba za flaiwili ni ndefu zaidi. Alinieleza kwamba ukifunga flaiwili kwa boliti zile fupi, hesi chache tu ndizo zitakazoshika, na flaiwili hiyo itazunguka maelfu ya mara kwa dakika karibu na miguu ya dereva. Alifunga boliti mpya kwa spana ya toki, kwa kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine na kwa awamu, kisha akanionyesha beringi ndogo inayokaa katikati ya mwisho wa kranki shafti, yaani shafti kuu ya injini, beringi ambayo gari langu halikuwa nayo kwa sababu otomatiki haiihitaji. Fundi mwenye haraka huisahau, na mwenye gari huja kuikumbuka giaboksi nzima inaposhushwa tena. Diski ya klachi, presha na beringi ya kusukumia vyote vilifungwa vipya, jambo ambalo nililisisitiza mimi nao wakaliunga mkono.

Pedali zilinipa furaha nisiyoitarajia. Walipoondoa zulia na kitambaa cha kuzuia sauti, ukuta wa chuma unaotenganisha injini na chumba cha dereva ulionekana ukiwa na alama tatu ndogo zilizobonyezwa, moja kila mahali panapostahili kutobolewa kwa ajili ya masta silinda ya klachi. Kiwanda kilikuwa kimeacha nafasi hiyo tangu siku gari lilipotengenezwa. Fundi alitoboa hapohapo, akapaka rangi kingo za matundu ili zisishike kutu, na akabadilisha fremu nzima ya pedali badala ya kuikata pedali pana ya breki, njia ya mkato ambayo nimeiona kwenye magari mengine na sipendi hata kuitazama.

Tatizo likaja kwenye umeme. Gari la otomatiki lina swichi kwenye giaboksi inayozuia stata, mota ya kuwashia injini, kuzunguka isipokuwa mkono wa gia ukiwa kwenye P (kuegesha) au N (gia huru). Giaboksi hiyo ikiondoka, swichi nayo huondoka, na ili gari liwake ni lazima mzunguko ule ufungwe kwa namna nyingine. Namna sahihi ni kuupitisha kwenye swichi ya pedali ya klachi, ili stata izunguke tu pale mguu unapokuwa umekanyaga. Fundi umeme wa gereji hii aliunganisha waya mbili moja kwa moja, akazifunga utepe, akaliita jambo limekwisha. Wiki ya pili, mtu wa nyumbani kwangu aliingiza ufunguo ili afunge vioo, akauzungusha kupita kiasi huku gari likiwa kwenye gia ya kwanza, nalo likaruka mbele hatua nzima. Mbele yake hapakuwa na mtu. Ninashukuru kwa hilo kila ninapolikumbuka, na ninaliandika kwa uzito wake wote: gereji inayokabidhi gari la gia za mkono linaloweza kuwaka bila klachi kukanyagwa, na isimwambie mwenye gari, imefanya kosa la usalama, si la ufundi tu.

Yalikuwapo pia mengine madogo. Taa ya kurudi nyuma haikuwaka, kwa kuwa R154 ina swichi yake ambayo haikuwa imeunganishwa popote. Kompyuta ya otomatiki iliyobaki garini iliendelea kuzitafuta solenoidi, yaani vali za umeme, za giaboksi ambayo haipo tena, na taa ya injini kwenye dashibodi ikawa haizimi. Taa hiyo ikikaa imewaka daima, siku hitilafu ya kweli itakapotokea dereva hataijua.

Nilirudi nikiwa nimeorodhesha yote kwenye karatasi. Mwenye gereji hakubisha. Alilichukua gari siku ileile, akatafuta kompyuta ya toleo la gia za mkono la gari hilohilo, akaongeza swichi ya klachi na kuunganisha taa ya nyuma, bila kunidai malipo ya kazi. Ninamheshimu kwa hilo. Hata hivyo, lilikuwa gari langu lililogundua makosa, wakati dakika kumi za ukaguzi kabla ya kunikabidhi zingetosha.

Suala la mafuta lilijitokeza baadaye. Asubuhi gia ya pili ilikuwa ngumu kuingia mpaka giaboksi ipate joto. Nilipouliza, nikaambiwa wametia mafuta ya daraja la GL-5, ambayo baadhi yake yana viungo vinavyozishambulia ringi za shaba za kulinganisha mwendo wa gia. Tulimwaga, tukatia GL-4 ya 75W-90, na ugumu ule ukapungua sana baada ya siku chache.

Sasa gari linaendeshwa jinsi nilivyotamani. Klachi inashika katikati ya mwendo wa pedali, gia ya tatu inaivuta injini kwa namna ambayo otomatiki ya zamani haikuniruhusu kuihisi, na propela haitetemeki hata kwenye mwendo mkubwa. Kwa kazi ya chuma ningewapelekea gari lingine kesho. Kwa umeme, ningeandikiana nao kabla ya kazi kuanza kwamba swichi ya klachi, taa ya kurudi nyuma na kompyuta sahihi ni sehemu ya kazi, na nisingepokea ufunguo kabla ya kujaribu mwenyewe kuwasha gari mguu ukiwa mbali na klachi, gari likiwa kwenye gia huru, na kuona kwamba stata imekataa.