Kupishanisha maungio ya sakafu ya mbao: kwa theluthi au kwa mpangilio huru?

Mbao za sakafu zinazofungana zenyewe kwa ulimi na mfereji zinakubali mitindo yote miwili ya kupishanisha maungio, yaani mahali ncha za mbao zinapokutana.

Kwa gharama, mpangilio huru unashinda. Kipande kinachobaki mwisho wa mstari huanzisha mstari unaofuata, mradi kisipungue sentimita 30. Mtindo wa theluthi, ambapo kila mstari husogea theluthi ya urefu wa ubao, hudai vipimo maalumu, na mabaki mengi hukosa kazi.

Uimara ndio unaonihangaisha zaidi. Maungio ya mistari jirani yakikaribiana, udhaifu hukusanyika mahali pamoja, vifungo hulegea na nyufa hujitokeza. Theluthi hukulinda na kosa hilo. Mpangilio huru hukutaka upange mistari mitatu au minne bila kuifunga, usimame mbali, utazame. Tafadhali usiruke hatua hii.

Kwa sura, theluthi huchora ngazi. Huru hufanana zaidi na sakafu ya mbao ya asili.

Mbao zako zina urefu tofauti? Theluthi haiwezekani. Zinalingana na ndiyo mara yako ya kwanza? Theluthi itakutuliza. Bajeti ikibana, tumia mabaki. Vyovyote vile, acha nafasi ya milimita 10 hivi ukutani, kwani mbao hutanuka.