Uzoefu wangu: Debian juu ya LVM dukani Uyole, na asubuhi iliyogoma kuwaka

Nina steshenari ndogo Uyole, Mbeya, hatua chache kutoka pale barabara ya Tukuyu inapoachana na ile ya Dar. Natoa kopi, nalamineti, napiga picha za pasipoti, nachapa barua za kuombea kazi. Kompyuta ya duka ni moja tu, na tangu mwanzo wa 2022 imekuwa ikitumia Debian 11, mfumo endeshi wa Linux, juu ya LVM, yaani njia ya kugawa diski kuwa voliumu, vipande unavyoweza kuvitanua au kuvihamisha baadaye. Wenzangu wawili watatu wameniuliza kama LVM ina maana yoyote kwa duka la mashine moja. Nasema ina maana, tena kubwa, ingawa Julai 2024 ilinitoa jasho, na anayeijua Uyole ya Julai anaelewa kwamba hapo jasho halitoki bure.

Nianze na kilichonifanya niipende. Wakati wa kusakinisha, Debian inakuuliza utumie kiasi gani cha kundi la voliumu, yaani nafasi yote ya diski iliyokabidhiwa LVM. Diski yangu ni ya GB 250, nikaacha GB 80 bila kuzigawa. Mwaka uliofuata /home, panapokaa mafaili yangu, ikajaa skani za vyeti, mteja akiwa amesimama mbele yangu, skana inakataa kuhifadhi. Nikaandika `sudo lvextend -r -L +30G /dev/duka-vg/home`, ile r ndiyo inayotanua na mfumo wa faili hapohapo, kisha nikaendelea kuskani. Yule mama hakujua kama kuna kitu kimetokea. Kwa partisheni za kawaida ningemwambia arudi kesho.

Sasa Julai. Asubuhi ya ukungu, namimina chai ya tangawizi, mkono umekufa ganzi, chai ikaingia kwenye kibodi. Mazabodi ikafa, diski ikapona. Mwanjelwa nikapata laptopu iliyotumika, nzuri tu, ila ndani ina nafasi ya NVMe peke yake, ile diski nyembamba ya kisasa, na diski yangu ni SATA ya inchi 2.5, aina ya zamani. Nikanunua kesi ya USB, nikaitia diski humo, nikaruhusu Legacy (njia ya zamani ya kuwasha) kwenye BIOS, nikawasha. Menyu ya GRUB, programu inayoanzisha mfumo, ikaja, kerneli (kiini cha Linux) ikaanza, roho ikatulia. Kisha kimya cha kama nusu dakika, halafu haya:

Gave up waiting for root file system device.
ALERT! /dev/mapper/duka--vg-root does not exist. Dropping to a shell!

Yaani imesubiri voliumu ya root, ulipo mzizi wa mfumo, haikuiona. Fundi jirani alitupia jicho akasema, "Diski imekwisha hiyo, kaka. Tufomati tuanze upya." Simlaumu, skrini yenyewe inatisha. Lakini kama diski imekwisha, kerneli imesomwa kutoka wapi?

Swali hilo ndilo lililoniokoa. GRUB husoma diski kwa msaada wa BIOS, haina haja ya draiva za Linux. Ikishapakia kerneli pamoja na initramfs, kazi yake imekwisha, na kuanzia hapo kerneli inajitegemea. Ni sawa na dereva aliyekuleta mpaka Uyole, akakukabidhi kwa mwenzake wa Tukuyu, kumbe mwenzake hana funguo za gari. Funguo ni draiva, na draiva zinakaa ndani ya initramfs, lile faili lililobanwa ambalo kerneli hulifungua kwenye RAM ili ifike kwenye mzizi wa mfumo. Zana za LVM zimo humohumo.

Nilianza vibaya. Nikadhani USB inachelewa tu, nikaongeza rootdelay=90 kwenye mstari wa GRUB. Nikapata kosa lilelile, ila sasa nalisubiri dakika moja na nusu. Nikaandika `lvm vgchange -ay`, ambayo kwa kawaida ndiyo dawa pale voliumu zinapokuwa zimelala, kisha unaandika `exit` na mashine inaendelea. Haikurudisha neno. `cat /proc/partitions` ndiyo iliyosema ukweli: orodha tupu. Hata NVMe ya laptopu yenyewe, ambayo haijaguswa na mtu, haikuwamo! LVM haikuwa na kosa, ilikuwa haijaletewa diski hata moja ya kukagua.

Usiku nikapakua SystemRescue, Linux ya uokoaji inayowaka kutoka kwenye fleshi, kwa bando la usiku, nikaiweka kwenye fleshi. Ilipowaka, `lvs`, amri ya kuorodhesha voliumu, ikaonyesha root, home na swap_1, zote salama. Nilikaa nikaitazama ile mistari mitatu kwa muda.

Hapa nitaje kitu kilichonichezesha dakika kumi. Kundi langu linaitwa duka-vg, lakini chini ya /dev/mapper kistari cha ndani ya jina huandikwa mara mbili, kwa hiyo ni duka--vg-root. Niliandika kistari kimoja nikaambiwa hakuna kitu kama hicho, moyo ukashuka tena. Tumia /dev/duka-vg/root uepuke mkanganyiko.

Niliunga (mount) root kwenye /mnt, nikaunganisha /dev, /proc na /sys kwa mount --bind, nikaingia kwa chroot, yaani kufanya kazi ndani ya Debian yangu huku nimewasha kwa fleshi. Ndani ya /etc/initramfs-tools/initramfs.conf nikakuta MODULES=most, maana yake weka draiva za karibu kila aina ya mashine. Sasa zimekwenda wapi? Jibu lilikuwa kwenye faili dogo la pembeni, conf.d/driver-policy, lenye MODULES=dep, na faili hilo ndilo linaloshinda. Liliandikwa siku ya kusakinisha, nilipochagua initramfs yenye draiva za mashine ile tu, kwa kuwa ilionekana nyepesi. Mashine ile haikuwa na NVMe, wala mzizi wake haukuwa kwenye USB. Nilijifungia mlango mwenyewe miaka miwili na nusu kabla.

Nikabadilisha kuwa most, nikaendesha `update-initramfs -u -k all`, nikawasha upya. Kosa lilelile! Nilikuwa nimesahau kuunga /boot, ambayo ni partisheni yake nje ya LVM, zinamokaa kerneli na initramfs, kwa hiyo faili linalosomwa na GRUB halikuguswa kabisa. Mara ya pili niliiunga kwanza, na kabla ya kutoka nikahakiki kwa `lsinitramfs` kwamba uas na usb-storage, draiva za diski za USB, zimo. Ikawaka. Fundi jirani alipoiona akacheka, akaniomba nimwandikie hizo amri kwenye karatasi.

SystemRescue naipa nyota nne. Baadaye niligundua kwamba fleshi ya kisakinishi cha Debian ina hali yake ya uokoaji, inayotambua LVM na kukuuliza kama kuna /boot ya pembeni ya kuunga. Ningeanzia huko ningeokoa saa nzima. Ule uchaguzi wa dep naupa nyota moja. Initramfs yangu imekuwa kubwa zaidi ya mara mbili, lakini /boot ni karibu nusu giga na inatosha, mradi unafuta kerneli za zamani.

LVM yenyewe nyota tano, na sababu ni kilichofuata. Wiki moja baadaye nilifuta NVMe ya GB 256 iliyokuja na laptopu, nikaiongeza kwenye kundi kwa vgextend, nikaandika `pvmove /dev/sda5` saa nane mchana huku wateja wamepanga foleni. Mfumo mzima ukahama kutoka diski ya USB kwenda ndani ya laptopu wakati natoa kopi na kuchapa barua, bila kuzima. Ulimaliza karibu na kufunga duka. Kilichobaki kwenye diski ya zamani ni /boot na GRUB, sijapata Jumapili ya kuvihamisha, kwa hiyo kila asubuhi bado nachomeka ile kesi ya USB ndipo laptopu iwake, na chupa ya chai nimeihamishia kwenye meza ya kulamineti.