Gari limeshapigwa polishi, sasa ulipake nini?

Polishi haikingi rangi. Kazi yake ni kukwangua kidogo klia, yaani tabaka angavu lililo juu ya rangi, ili mikwaruzo ipotee, na polishi ikishafutwa klia inabaki haina kinga yoyote juu yake. Nimeona magari mengi yakitoka kwa fundi yanang'aa kama kioo, yanalala nje, na baada ya miezi michache boneti na paa vimefifia. Mwenye gari anarudi kusugua tena. Klia mara nyingi ina unene wa mikroni 40 au 50 tu, pungufu ya unywele wako, na kila msuguo unaimaliza.

Huu ndio mpangilio wangu wa kinga, kuanzia iliyo bora, kwa gari linaloegeshwa nje Dar, Tanga au Mombasa, kwenye jua, chumvi ya bahari na kinyesi cha kunguru.

Ya kwanza ni silanti ya polima, kimiminika cha kutengenezwa kiwandani kinachoacha utando wa kinga juu ya klia. Unaipaka mwenyewe kivulini kwa sponji, bodi ikiwa imepoa, kisha unafuta kwa kitambaa cha maikrofaiba. Hukaa miezi minne hadi sita. Paka mara mbili au tatu kwa mwaka, mojawapo kabla ya masika.

Koti ya seramiki, kimiminika kinachokauka na kuwa tabaka gumu juu ya klia, ni ngumu kuliko silanti na ikipakwa vizuri hufika miaka miwili au zaidi. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya kazi yake. Mafuta ya polishi lazima yafutwe yote kwa spiriti, gari liwe ndani pasipo na vumbi, na lisiguse maji angalau siku nzima. Mkwaruzo uliosahauliwa unafungiwa humo humo, na kuutoa ni kusugua upya. Kabla hujalipa, nenda ukakione chumba cha fundi. Kama anapakia uani, chini ya mti, ondoka.

Ya tatu ni nta ya karnauba, itokanayo na majani ya mti wa Brazil wa jamii ya mnazi. Kwenye gari jeusi au jekundu lililokoza, mng'ao wake sijaona mfano. Lakini jua letu na sabuni ya unga huimaliza kwa wiki chache. Waksi (nta) ya kupuliza ninaihesabu kama nyongeza tu baada ya kuosha.

Turubai liko mwisho kabisa. Upepo unalitikisa juu ya vumbi, nalo linageuka msasa. Bora kivuli, ila si cha mwembe, maana utomvu wake unang'ang'ania.

Dukani kuwa makini: wauzaji wengi huita kila chupa "polishi". Ukisoma kwenye lebo kuwa inaondoa mikwaruzo, hiyo ni ya kukwangua, irudishe.

Kujua kama kinga bado ipo, mwagia maji boneti safi. Yakijikusanya matone, ipo. Yakitandaa na kulala bapa, paka tena.