Nimegeuza nyumba ya Mjerumani Tabora kuwa baa ya bendi na bia ya kujitengenezea: mchora ramani nampa nyota nne

Nyota ya tano nimemnyima kwa sababu ya gitaa la besi. Nitaifikia.

Nyumba yenyewe ni ya enzi zile reli ilipofika Tabora, mwaka 1912: kuta nene za mawe na chokaa, dari ya mbao. Mpangaji aliyetangulia aliipiga lipu ya saruji ndani na nje, na kila mvua zikianza lipu ilibanduka chini ya madirisha. Mimi nikidhani ni rangi mbovu.

Mchora ramani, kijana niliyempa kazi, hakufungua hata kompyuta siku ya kwanza. Aligongagonga ukuta kwa kidole, akasema, "Bosi, huu ukuta mmeuvalisha koti la mvua, unatoka jasho ndani kwa ndani." Chokaa hunyonya unyevu na kuutoa, ukiiziba kwa saruji, maji hayana pa kutokea. Tukabandua yote, tukapiga lipu ya chokaa. Wiki tano ambazo sikuzipangia bajeti, nikanung'unika sana. Mvua zilizopita hakijaanguka hata kipande.

Matangi ya bia niliyataka ukumbini, wateja wayaone yaking'aa. Akakataa. Tangi la lita 500 likijaa, bia peke yake ni nusu tani, na sakafu ile haikuwekewa zege la mzigo huo. Tena maji ya kimea huchemka kama saa nzima. Mvuke wote huo ungeishia kwenye dari. Mtambo ukaenda uani, kwenye banda jipya lisilogusa ukuta wa zamani, sakafu ina mteremko wa kutolea maji. Kuchachua kunafanyika chumba cha katikati kisicho na dirisha, maana bia yetu inataka nyuzi 18 hadi 22, na joto la Oktoba hapa mnalijua. Inayotoka sana ni ya asali. Wazee wanaionja, wanatikisa kichwa, wanasema wanzuki, pombe ya asali ya kienyeji, ilikuwa kali zaidi.

Sasa jukwaa. Huu ni mji wa bendi za zamani za Tabora Jazz na Kiko Kids, watu wana masikio. Yeye akaliweka mwisho wa ukumbi, mgongo kwenye ukuta mtupu. Magitaa ya solo na rizimu yalienda vizuri. Besi ilipoingia, muziki ukawa uji. Asubuhi jirani wa nyuma, mama mtu mzima, akaja, akanisalimia kwa upole, kisha: "Mwanangu, vikombe vyangu vimecheza kabatini usiku kucha." Nilitamani ardhi inimeze.

Kijana alikiri hajawahi kuchora ukumbi wa muziki, akarudi bila kudai senti. Jukwaa tumelihamishia upande wa barabarani, juu ya mbao zilizolazwa kwenye raba. Magodoro ya sufi yaliyovishwa vitenge yamening'inia kwenye vyuma vinavyosimama sakafuni, ukuta haujatobolewa popote. Waimbaji sasa wanasikika neno kwa neno. Besi bado inapenya, godoro haliizuii, kwa hiyo bendi inafunga vyombo saa nne usiku.

Ukimpa kazi, mwambie mapema bendi yako ina watu wangapi, na siku ya kupima ukumbi mlete na mpiga besi.