Gereji ya Unga Limited iliyoniazima IST: ufundi safi, bima nusu nusu

Kazi ya giaboksi naipa nyota tano. Kaunta naipa mbili na nusu, na hiyo nusu ni ya kijana wa mapokezi aliyenivumilia kwa maswali.

Toyota Noah yangu ilikuwa imeanza kuchelewa kuvuta, hasa nikitoka Tengeru kupandisha mjini na trei za mayai nyuma. Nikaelekezwa gereji moja hapa Arusha, mtaa wa Unga Limited. Jina naliacha, maana baadhi ya ninayolalamikia wameshaanza kuyarekebisha. Kilichonivuta ni kwamba ukiwaachia gari kwa kazi kubwa wanakuazima la kwao, na mtu anayepeleka mayai hotelini alfajiri hawezi kukaa bila usafiri.

Ufundi sina neno. Sampu ilifunguliwa nikiwa nimesimama pale pale: oili nyeusi, inanuka kuungua, na chujio limeshika unga wa chuma. Vipuri vya zamani nilikabidhiwa kwenye kiroba bila kuomba. Bei tuliyopatana ndiyo niliyolipa.

Sasa hiyo Toyota IST waliyoniazima. Namba za njano za gari binafsi, mafuta robo tanki, kiti cha dereva kimezama upande mmoja. Kijana akanisogezea funguo na daftari.

“Saini hapa mama, gari ina bima, wala usiwe na wasiwasi.”

“Bima ipi, mwanangu?”

“Ipo tu mama, si stika hiyo hapo?”

Niliingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa simu, nikakuta kweli stika ni hai. Ila stika kuwa hai hakunitoshi. Nikaomba kavanoti yenyewe, karatasi inayoonyesha bima ni ya aina gani na ya matumizi gani, ikatafutwa kwenye faili hadi ikapatikana: thedi pati. Yaani bima ndogo, ile ambayo kwa gari binafsi tumekuwa tukilipia 118,000 kwa mwaka pamoja na VAT. Bima hiyo humlipa uliyemgonga na mali yake. IST yenyewe ikikunjika, ikiungua au ikiibiwa pale sokoni Kilombero, kampuni ya bima haina habari nayo. Na daftari nililosogezewa lilikuwa na mstari mmoja tu: “Mteja atawajibika kwa uharibifu wowote.” Unganisha hayo mawili uone nani angemnunulia bosi IST nyingine.

Kijana akajaribu kunituliza: “Lakini mama si una bima kubwa kwenye Noah?” Ninayo, ile inayolipa hadi gari lako mwenyewe, na nimeikatia kama gari la biashara, mayai yametajwa wazi. Nikampigia wakala wangu nikaweka spika ili wote wasikie. Akasema bima kubwa yangu iko kwenye Noah, na Noah iko juu ya jeki. Hainifuati mimi ninapopanda gari la mtu. Akaongeza kuwa zipo bima zenye kifungu cha kuendesha gari la mwingine, lakini mara nyingi kinagusa hasara za watu baki tu, si gari lenyewe uliloazima. Kijana akakuna kichwa.

Halafu likaja la elfu ishirini kwa siku, “ya uchakavu”. Hapo ndipo nilipomwita bosi. Gari la namba za njano lina bima ya matumizi binafsi, na bima za namna hiyo kwa kawaida hazitaki kusikia habari ya kukodisha. Ukishapokea hela ya siku umekodisha, na siku ya ajali hata ile bima ndogo inaweza kuleta maneno. Bosi akasema basi ataiingiza kwenye gharama ya ufundi. Nikamwambia, kaka yangu, hiyo ni hela ya kukodisha iliyovalishwa kanzu. Akacheka, akaifuta kabisa.

Akafuta pia lile neno “wowote”. Tukaandika upya: mikwaruzo na taa ni juu yangu, mwisho laki tatu, wizi, moto na ajali iliyosababishwa na dereva mwingine ni juu ya gereji. Akasaini, akapiga muhuri, nami nikapiga picha bampa la nyuma lililokuwa na mkwaruzo wake wa siku nyingi. Ile karatasi si bima, naelewa. Ikitokea balaa mwenye gari ndiye anayebeba hasara, lakini angalau ameikubali kwa mkono wake.

Mayai sikuyapakia. Kavanoti inasema matumizi binafsi, na trei 30 za kwenda hotelini hata ujieleze vipi ni biashara. Nikakodi kirikuu kwa mizigo, IST ikabaki ya kwenda benki, kufuata watoto shule na kudai madeni. Kwa hiyo ule usafiri wa bure ulionipeleka Unga Limited ulinitoa hela ya kirikuu kila alfajiri, na hili ndilo lililoshusha nyota zangu kuliko kiti kile. Magari ya kuazima wateja yanatakiwa bima kubwa, tena iliyokatwa kampuni ya bima ikijua kuwa yanaendeshwa na wateja wa gereji. Hiyo ni gharama ya anayeitangaza huduma.

Trafiki wa Usa River alinisimamisha mara moja. Akaangalia leseni na stika, akauliza gari ni la nani, nikamwonyesha ile karatasi ya muhuri. “Sawa mama, safari njema.”

Nilipofuata Noah nilikuta kaunta ina fomu mpya, imechapwa, na juu kabisa imeandikwa aina ya bima ya gari la kuazima. Bosi anasema ameomba bei ya bima kubwa kwa magari yote mawili. La pili ni Starlet ya gia za mkono, kwa hiyo piga simu siku moja kabla useme unataka lipi, na uombe wakutolee kavanoti mezani kabisa.