Majitaka ya Moshi: mabwawa au matangi ya tope hai?
Mabwawa, kama ya Mabogini karibu na Moshi, huondoa naitrojeni bila umeme: mwani hunyonya amonia, na pH (kipimo cha asidi) ikipanda mchana, sehemu ya amonia huruka hewani. Fosforasi hutuama kwenye tope, lakini tope lisipotolewa, fosforasi hurudi majini.

Matangi ya tope hai, yaani tope lenye bakteria wanaosafisha maji yakipulizwa hewa, hudhibitika zaidi, ila yanadai uangalizi wa kila siku. Bakteria wanapogeuza amonia kuwa naitreti, kila gramu ya naitrojeni ya amonia hutaka gramu 4.57 za oksijeni na hula gramu 7.14 za alkalini (uwezo wa maji kuzuia pH isishuke, ukipimwa kama kalsiamu kaboneti). Alkalini ikiisha, pH hushuka na bakteria huzubaa. Sehemu ya tangi ya kuondolea naitreti, isiyotakiwa kuwa na oksijeni, ikizidi miligramu 0.5 za oksijeni kwa lita, kazi huharibika.

Kwa maji ya kumwagilia mpunga, tungechagua mabwawa: naitrojeni inayobaki ni mbolea.