Farasi wanne kwenye chati moja: uzoefu wangu wa kusomewa Bazi pale Wong Tai Sin, Hong Kong

Nianze na hela maana najua ndo kitu cha kwanza mtu anataka kujua. Nimelipa dola 600 za Hong Kong, kama dola 77 za Marekani, nimekaa na mzee anayesoma Bazi (utabiri wa Kichina wa tarehe na saa uliyozaliwa) karibu dakika 50, na ndo mara ya kwanza nimeelewa kwa nini chati yangu ina kitu kile kile kimejirudia mara nne, na maana yake siyo kabisa ile niliyoaminishwa mwaka mzima.

Mi nipo Guangzhou, China, mwaka wa nane sasa, kazi yangu kukusanya mizigo ya wateja wa Kariakoo, naipokea, naipima, inaingia kontena inaondoka. Ukikaa huku muda wote huo Bazi utakutana nayo tu, wenye stoo wanaulizana, wasichana wa ofisini wanaulizana kabla ya kuolewa. Kwa asiyeijua, Bazi maana yake herufi nane. Mwaka, mwezi, siku na saa uliyozaliwa, kila kimoja ni nguzo, na kila nguzo ina herufi mbili, ya juu wanaita shina la mbingu na ya chini tawi la ardhi. Mashina yapo 10, matawi 12 ambayo ndo wale wanyama kina Panya na Farasi. Kwetu pwani anayekuangalizia nyota anakuuliza jina lako na la mama yako ndo apige hesabu, hawa jina wala hawaulizi, wanataka saa. Na kwetu nyota ni za moto, udongo, upepo na maji, hawa upepo hawana ila wana mti na chuma, jumla elementi tano, na kila herufi ina elementi yake, Farasi ni moto.

Sasa mwaka jana nilinunua ripoti kwenye huduma moja ya mtandaoni, jina silitaji, dola 35, inakuja PDF ya kurasa 40 na michoro ya rangi. Nimezaliwa Dar tarehe 22 Juni 1990, saa saba na dakika kumi mchana, ipo kwenye kadi yangu ya kliniki mpaka leo mama anayo. Ripoti ikasema nina Farasi watatu na Mbuzi mmoja, moto 3, udongo 3, chuma 1, maji 1, mti sifuri. Halafu ikaanza kunihukumu, moto umejirudia kwahiyo wewe ni mtu wa hasira, una pupa, ndoa itakusumbua, punguza nguo nyekundu, na kwa kua mti huna kabisa basi nunua bangili ya mbao, na kiungo cha duka kipo hapo hapo chini. Kilichoniuma siyo dola 35, kilichoniuma ni kwamba niliamini. Mi siyo mtu wa hasira, muulize yeyote aliyefanya kazi na mimi, ila nikaanza kujichunguza kila nikiongea na mteja, hivi nimefoka? hivi hapa nimekua mkali? Na bangili nikainunua, nikaivaa miezi sita.

Mwezi wa kwanza mwaka huu nilikua na shughuli Hong Kong nikasema hapana, naenda kumuona mtu uso kwa uso. Unashuka treni kituo cha Wong Tai Sin, ukitoka tu hekalu hilo hapo, watu wamepiga magoti wanatikisa mikebe ya mianzi yenye vijiti 100 vya namba mpaka kimoja kidondoke, na pembeni kuna jengo limejaa vibanda vya wasomaji, zaidi ya mia. Kibanda nilichoingia ni kidogo, meza, viti viwili, feni, na kitabu kinene cha kalenda kimeshikwa mpaka pembe zimekua nyeusi. Tuliongea Kichina cha bara, chake kina lafudhi nzito ya Kikantoni, tukikwama anaandika.

Akachukua penseli na karatasi nyekundu, akaandika nguzo nne kutoka kulia kwenda kushoto, mwaka ndo unaanza kulia. Mstari wa chini akaandika 午, akaandika tena 午, akaandika tena 午. Hiyo herufi ni Farasi, na inafanana sana na ya ng'ombe, 牛, tofauti yake ni ule mstari wa katikati tu, wa ng'ombe unachomoza kichwa juu. Alipofika nguzo ya saa akaacha wazi. Akaniuliza, mji gani? Nikamwambia Dar es Salaam. Akauliza, upo upande gani wa dunia kwa digrii, nikatafuta kwenye simu, 39 na kitu mashariki. Akapiga hesabu pembeni kisha akaandika 午 ya nne.

Nikamwambia mzee ripoti yangu ilisema saa ni ya Mbuzi. Akasema hiyo ni saa ya serikali, siyo saa ya jua. Na hapa nilielewa haraka kuliko alivyotegemea maana sisi tumekua na adhana. Dar tunatumia saa ya mstari wa digrii 45, sisi tupo 39, kwahiyo jua letu linachelewa nyuma ya saa ya ukutani kama dakika 23. Ndo maana mwezi wa sita adhuhuri Dar inaingia karibu na saa sita na nusu, haiingii saa sita kamili. Sasa saa ya Farasi inaanza saa tano mpaka saa saba mchana, ya Mbuzi saa saba mpaka saa tisa. Kwa saa ya ukutani mimi ni Mbuzi, kwa jua ni kama saa saba kasorobo, nipo ndani ya Farasi bado. Alinieleza wazi kwamba wapo wasomaji hawafanyi hii hesabu, yeye anafanya, na kwa aliyezaliwa mpakani kama mimi inabadilisha nguzo nzima.

Sasa Farasi wanne. Nilitegemea aanze na moto. Hakuugusa. Akaweka ncha ya penseli kwenye shina la siku, 戊, akasema huyu ndo wewe, kila kitu kingine kwenye karatasi hii kinasomwa kwa kuangalia kinamhusu vipi huyu. 戊 ni udongo, udongo mkubwa, kama mlima. Na moto kwa udongo siyo hasira jamani, moto ndo unazaa udongo, kitu kikiungua kinabaki majivu. Kwahiyo moto kwangu mimi ni mama. Mama wanne. Angekua mwenye chuma hapo kwenye siku, moto ule ule ungekua ni kitu kinachombana na kumyeyusha. Angekua mwenye moto, wangekua ndugu zake na washindani wake. Herufi ni zile zile, idadi ni ile ile, maana inaruka kabisa kwa sababu ya nani amekaa katikati. Kurasa 40 za ile ripoti na hakuna sehemu hata moja imesema mimi ni udongo kwanza.

Akaendelea, mama akizidi mtoto haendi popote. Wana msemo wao wa zamani, udongo unategemea moto uzaliwe, ila moto ukizidi udongo unaungua unakauka. Kwa maisha akasema ni mtu anayelishwa sana, anasoma sana, anawaza sana, anategemewa na kusaidiwa, ila kutoa kilichomo ndani kinatoka kwa shida. Nilinyamaza pale maana nina madaftari ya mipango ya biashara yangu mwenyewe tangu 2019 na bado napakia mizigo chini ya jina la mtu mwingine.

Na Farasi ndani yake siyo moto peke yake. Kila tawi lina mashina yaliyojificha, Farasi ana moto na udongo pia. Kwahiyo ukihesabu herufi za juu juu unapata udongo 2, ukifungua matawi unakuta kila Farasi amebeba udongo mwingine tumboni. Na siyo Farasi wote wana uzito sawa, yule wa mwezi ndo mzito kuliko wote maana mwezi ndo msimu, mwezi wa Farasi ni katikati ya kiangazi. Pia kuna matawi manne ambayo yakikutana na pacha wake wanaita kujiadhibu mwenyewe, ni Joka, Farasi, Jogoo na Nguruwe. Akasema siyo laana, ni mtu anayerudia rudia jambo moja kichwani. Mi orodha ya kontena naihesabu mara tatu usiku, na nikishalala naamka naihesabu tena.

Nikamuonyesha bangili. Akaishika akaigeuza akaniuliza, ukitupia kuni kwenye moto huu nini kinatokea? Mti unalisha moto. Kwenye chati nyingine mti ungeshika udongo, kwangu utaungua tu uzidi kuwasha. Yani kukosa elementi siyo lazima uijaze. Anachokiangalia kwangu ni yale maji kidogo, 壬, yamekaa peke yake juu ya Farasi wa mwezi, na chuma cha mwaka ndo kinayazaa. Maji kwa udongo ndo mali, chuma ndo kazi unayotoa kwa mikono na mdomo wako. Toa kazi, mali itakuja, ukikaa kulishwa maji yanakauka. Hakuniuzia kitu chochote.

Akaniuliza 2020 ulikua wapi. Huo ni mwaka wa Panya, Panya ndo anayegongana na Farasi. Nilikua nimekwama Dar, mizigo ya watu ipo stoo Guangzhou. Nikamwambia mzee 2020 ilimpiga kila mtu, akakubali, akasema ndo maana hausomi mwaka mmoja, akaniuliza 2008, Panya aliyepita. Nilikua kidato cha nne, mwaka huo nilihama shule mara mbili. Hilo sikua nimemwambia.

Kuhusu 2026, huu ni mwaka wa Farasi wa moto, kwangu ni Farasi wa tano. Kwa Bazi umeanza tarehe 4 Februari, siyo tarehe 17 ya fataki za mwaka mpya wa Kichina. Nilikua naogopa kweli. Akanikumbusha Farasi wa moto aliyepita, 1966, Japani kuzaliwa kwa watoto kulishuka kama robo kwa mwaka ule mmoja kwa sababu watu waliogopa kupata mtoto wa kike wa mwaka huo. Alilisema kwa masikitiko, watu wamesoma herufi mbili wakasahau sita. Kwangu alichosema ni nisisaini jambo kubwa kati ya tarehe 5 Juni na 7 Julai, mwezi nao ukiwa Farasi, na nifanye kazi ya kutoa siyo ya kukusanya.

Mapungufu yapo. Kibanda cha jirani kelele, hakuandikii maelezo kwahiyo nilirekodi kwa simu (muombe kwanza, alikubali), na swali la ndoa akaongeza dola 200 za Hong Kong. Ukienda beba mji uliozaliwa na saa iliyogeuzwa, saa saba mchana ni 13:00, ukiandika 7 wanakusomea mtu mwingine wa asubuhi. Na kabla hujauliza kwa nini kitu kimejirudia, muulize wewe ni elementi gani kwenye shina la siku.

Kuna swali moja hakunijibu nikaridhika. Juni anayosema ni kiangazi kikali, Dar ni kipupwe, watoto wanavaa sweta asubuhi. Nilimuuliza kama Farasi wa mwezi ana moto ule ule kwa mtu aliyezaliwa chini ya ikweta. Akasema wapo wanaogeuza miezi kwa watu wa kusini, yeye hageuzi, hivyo ndo alivyofundishwa na mwalimu wake. Ni yule yule aliyekataa saa ya serikali akafuata jua la Dar, ila kwenye msimu akabaki na jua la China. Nampa nyota nne kati ya tano, hiyo moja ni ya kipupwe.